Chemko la Mwandishi

Naianza Actual Proof upya kwa mara ya tano usiku huu, na bado sijajua mguu wangu umfuate nani. Mmoja unakwenda na besi ya Paul Jackson, mwingine umenaswa na drams za Mike Clark, na kichwa kinaitikia kinanda cha Herbie Hancock, anayewarushia wote wawili maswali bila kungoja jibu. Dakika tisa na ushee. Ikiisha, naanza tena. Nyumba nzima imelala. Nimevaa hedifoni, niko pekupeku sebuleni, na jasho linanitoka.

Wiki hii rafiki ameniazima sanduku nililolitamani kwa miaka: The Complete Columbia Album Collection 1972–1988. CD 34 za Herbie Hancock, zikiwemo albamu ambazo zamani zilitoka Japani peke yake. Thelathini na nne! Mtu angeweza kuzipanga kwa miaka na kuzisikiliza kwa utulivu, moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa na njaa moja tu, njaa ya fanki. Sikumtafuta Hancock mzuri, maana mzuri amejaa kila mahali. Nilimtafuta Hancock anayekunyanyua kitini. Na kwa kuwa chanzo cha mambo haya kiko nje ya sanduku, nikaweka pembeni albamu tatu alizotengeneza kwa kampuni ya Warner Bros. kabla ya kuhamia Columbia.

Jibu langu nalitoa mapema kwa sababu siwezi kulifunga mdomoni: ni Thrust, ya mwaka 1974. Head Hunters ndiyo iliyouza na ndiyo kila mtu atakayokutajia, na kila sifa inayopewa inastahili. Lakini anayetaka kujua Hancock aliifikisha fanki wapi, aende Thrust, kisha avuke hadi Flood. Nitaeleza kwa nini. Kwanza jina.

Mtu huyu ana jina la Kiswahili. Anaitwa Mwandishi. Nililijua jambo hili kwa juujuu tangu zamani, lakini wiki hii nimekaa nalo na limenigusa upya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikuwa wakichukua majina ya Kiswahili. Jumuiya ya Maulana Karenga kule California ilikwisha kuanzisha Kwanzaa mwaka 1966, na nguzo zake saba zinaitwa kwa maneno yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Katika jumuiya hiyo alikuwamo kijana aliyejiita Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mwaka 1969 Mtume, Hancock na wenzao waliingia studio chini ya mpiga drams Tootie Heath, baba yake mdogo Mtume, wakarekodi albamu iitwayo Kawaida. Ndipo majina yakaanza kugawiwa. Hancock akawa Mwandishi. Wao walikusudia mtunzi wa muziki, na kwangu mimi limemkaa vizuri hivyohivyo. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Billy Hart wa drams akawa Jabali. Bennie Maupin, mpulizaji wa saksafoni na klarineti ya besi, akaitwa Mwile, jina ambalo sikio letu linalisikia karibu kabisa na mwili. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Na Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, naye alikuwa daktari kweli, aliyesomea udaktari na kutibu watu. Soma orodha hiyo kwa sauti: Mwandishi, Mchezaji, Jabali, Mwile, Pepo Mtoto, Mganga. Ni kama wahusika wa hekaya, na ni bendi ya jazi ya Marekani ya mwaka 1971.

Neno jazi lenyewe wengi wetu Afrika Mashariki tulilipokea likiwa limebandikwa kwenye jina la bendi ya dansi. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na kutoka Kongo OK Jazz ya Franco. Kwetu jazi ilikuwa magitaa, ukumbi, na lile chemko la mwisho ambapo hakuna anayebaki mezani. Halafu mtu anakutana na jazi ya Wamarekani akakuta wasikilizaji wamekaa wametulia, kana kwamba wako kwenye mtihani. Nimeipenda hiyo pia, naipenda mpaka leo. Lakini Hancock wa miaka ya 1970 ndiye anayeziunganisha jazi hizi mbili sikioni mwangu: akili yote ya ile ya kukaa, na jasho lote la ile ya kusimama.

Na jasho nalitaja makusudi. Neno lenyewe, fanki, kwa Kiingereza cha zamani lilikuwa harufu kali. Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson alilihusisha na neno la Kikongo, lu-fuki, harufu ya mwili wa mtu aliyefanya kazi, harufu ambayo Wakongo waliiheshimu kwa kuwa inathibitisha kuwa mtu amejitoa. Basi hicho ndicho kilikuwa kipimo changu wiki nzima: nani hapa amejitoa mpaka ananukia?

Nilianza na Fat Albert Rotunda ya mwaka 1969, nikashangaa. Muziki huu ulitokana na kazi aliyoifanya Hancock kwa ajili ya katuni ya televisheni, na ungetegemea wepesi wa kitoto. Badala yake Wiggle-Waggle inafungua mlango kwa teke: shaba zinabweka, gitaa linakwaruza, na saksafoni ya Joe Henderson inaingia na ukali wa kilabu cha usiku. Kwenye nyimbo nyingi za albamu hii, Tootie Heath yuleyule wa Kawaida yuko kwenye drams. Kumbuka huyu Hancock ni nani wakati huo. Ni mtoto wa Chicago aliyepiga Mozart na orkestra kubwa ya mji huo akiwa na miaka 11. Ni mtu aliyeanza chuo akisomea uhandisi wa umeme, na miaka mitano aliketi kwenye piano ya bendi ya Miles Davis. Mtu kama huyo angeweza kuidharau Fat Mama, wimbo mnene, wa polepole, unaotembea kama bibi anayerudi sokoni na kikapu kimejaa. Hakuudharau hata kidogo. Anaupiga kwa furaha ya wazi, na mimi nimeurudia mara nne.

Albamu zilizofuata, Mwandishi ya 1971, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973, ni anga. Nazipenda sana, lakini kwa msako wangu nilizipitia haraka. Kati ya hizo kuna mahali pawili pa kusimama. Ostinato, wimbo aliomtolea mwanaharakati Angela Davis, una mapigo 15 katika kila mzunguko, na bado mpiga drams wa ziada aliyejiita Ndugu, Leon Chancler, anausukuma kama gari linaloshuka mlima. Na kwenye Sextant kuna Hidden Shadows yenye mapigo 19. Kumi na tisa! Jaribu kuyahesabu, utapotea. Acha kuhesabu, mabega yatayapata yenyewe. Hapo niliona kwamba fanki ilikuwa tayari imo ndani ya bendi ile, imefunikwa na mawingu ya sintesaiza.

Mwaka 1973 Hancock aliivunja bendi hiyo. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa amekaa mno juu angani na akatamani muziki ulioshika ardhi, na kwamba alijikuta akiuwaza muziki wa fanki wa Sly Stone. Akambakiza Maupin peke yake. Akawaleta Paul Jackson wa besi, Harvey Mason wa drams na Bill Summers wa tumba na vyombo vya mdundo. Wakatoa Head Hunters.

Nyimbo nne tu. Nilidhani naijua albamu hii, maana besi ya Chameleon imekwisha kupigwa na kila bendi ya shule na kila mtu anayejaribu kinanda dukani. Kumbe sikuwa nimeisikiliza. Ile besi si gitaa la besi. Ni Hancock mwenyewe, kwa mkono kwenye sintesaiza ya ARP Odyssey, noti zilezile zinazopanda na kushuka kama mtu mzito anayepanda ngazi za mbao. Na kwa kuwa besi imekwisha kushikwa, Jackson anahamia juu kwenye gitaa lake la besi na kucharaza kama mpiga rithimu. Chombo kingine kinachokwaruza pale ni Clavinet, kinanda chenye nyuzi ndani na vinasa sauti kama vya gitaa la umeme. Ukikigonga kinajibu kwa ukali, na ukikiachia kinanyamaza papo hapo. Kule kunyamaza ndiko kunakocheza. Hedifoni zangu zilinionyesha wiki hii mashimo yaliyoko kati ya noti na noti, na ndani ya kila shimo kiuno kinaingia.

Halafu Watermelon Man. Hancock aliutunga kwa albamu yake ya kwanza, Takin' Off ya 1962, akimkumbuka muuza matikiti wa Chicago aliyepita mitaani na mkokoteni, magurudumu yakigonga mawe. Miaka 11 baadaye anaurudia, na hakuna mkokoteni unaosikika mwanzoni. Kuna mluzi na sauti ya mtu, vinapokezana. Ni Bill Summers anapuliza chupa ya bia. Aliiga hindewhu, namna ya kupokezana filimbi ya noti moja na sauti ya koo ya Wababenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, ambayo Simha Arom na Geneviève Taurelle waliitoa kwenye santuri mwaka 1966. Wababenzele ndio waliobuni mlango huu ambao dunia nzima inaingilia, na ningependa watajwe kila wimbo huu unapopigwa. Upulizwapo ule mluzi, wa pili ukajibu juu yake, kisha besi ikaingia polepole kwa chini, nakuambia msomaji, nywele zinasimama.

Kwa hiyo kwa nini siipi Head Hunters taji? Kwa sababu Sly, wimbo wa tatu, unanionyesha kitu ambacho bendi hii ilikuwa bado inakitafuta. Katikati wanachomoka, wanakimbia kasi ya kutisha, na kwa dakika kadhaa unasikia watu watano wanaoambiana kwa vyombo: je, tukienda mbali zaidi ya hapa, ardhi itatushika? Hawajajua. Thrust inajua.

Thrust ilitoka Septemba 1974, chini ya mwaka mmoja baadaye. Jalada lina Hancock ndani ya chombo cha angani, ameketi mbele ya vibonyezo vya kinanda, anaruka juu ya vilele vya milima. Mtu mmoja tu amebadilika: Harvey Mason ameondoka, ameingia Mike Clark, kijana aliyeishi nyumba moja na Paul Jackson kule Oakland. Badiliko hilo moja limegeuza kila kitu.

Wapiga drams wengi wa fanki hukujengea nguzo. Mguu unaweka pigo la kwanza, mkono unaweka la pili na la nne, nawe unajua nyumba imesimama wapi. Clark anapiga kama mchezaji wa bao anayesambaza kete: moja hapa, moja pale, kila pigo peke yake kwenye shimo lake, haraka kuliko jicho, na hujui kete ya mwisho itaangukia wapi mpaka imeanguka na ameshakula. Ngoma ndogo inanong'ona mapigo mengi ya chinichini usiyoyasikia kwa spika ya simu. Tafadhali usisikilize albamu hii kwa spika ya simu. Na kwa kuwa yeye na Jackson walikwisha kucheza pamoja muda mrefu, besi haihitaji kumngoja. Jackson harudii mstari. Mpiga besi mwingine akipata mstari mtamu ataung'ang'ania mpaka asubuhi. Huyu anauonja, anaubadili, anauacha, anaurudia akiwa ameugeuza nje ndani. Chini kunatembea na juu kunatembea, na bado, hili ndilo linalonitia wazimu, hakuna kinachoyumba.

Palm Grease inaanza kwa drams peke yake, kisha besi inaingia kwa kujinyonga, kisha Clavinet inakwaruza, kisha tumba, na kufikia dakika ya tatu tayari nilikuwa nimesogeza meza. Spank-A-Lee ndiyo ngumu kuliko zote, fanki ya Oakland, Maupin akiunguruma kwenye saksafoni kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa. Kabla yake wameweka Butterfly, polepole, klarineti ya besi ikichora mstari mrefu wa huzuni juu ya mdundo unaopumua. Wengine wataniambia Butterfly si fanki. Waisikilize besi yake peke yake, mwanzo hadi mwisho, halafu tuzungumze.

Na Actual Proof. Hancock aliutayarisha kwanza kwa ajili ya filamu ya The Spook Who Sat by the Door ya mwaka 1973, na jina lake ameliokota kwenye dini ya Kibuddha aliyoingia kwa kuvutwa na Mchezaji, Buster Williams: ushahidi unaoonekana wa imani katika maisha ya kila siku. Wimbo una mapigo ya pamoja, bendi nzima ikigonga mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angetarajia, halafu unaachiwa, na Hancock anaanza solo yake kwenye Fender Rhodes. Hapo ndipo mtoto wa Mozart, mhandisi wa umeme, kijana wa Miles Davis na mpiga Fat Mama wanakutana kwenye vidole vya mtu mmoja. Anakwenda nje kabisa ya mapatano, anapiga sauti ambazo zingemtoa mtu ukumbini, na Clark na Jackson wanamfuata huko huko nje bila kuangusha hata punje ya mdundo. Wale waliosema wakati huo kwamba Hancock ameisaliti jazi kwa ajili ya pesa, mimi siwaelewi. Walisikiliza nini? Hii ni jazi iliyo hatarini kila sekunde. Tofauti ni kwamba unaweza kuichezea.

Man-Child ya 1975 ni sherehe iliyojaa. Imejaa magitaa, shaba, wageni. Stevie Wonder mwenyewe anapuliza kinanda cha mdomo kwenye Steppin' in It. Hang Up Your Hang Ups inaanza na gitaa la Wah Wah Watson, na kwa dakika ya kwanza peke yake ningeipa albamu hii nafasi ya kwanza. Mwanzo mkali zaidi katika sanduku zima, sina shaka. Lakini kadiri wageni walivyoongezeka, nafasi ya kila mmoja imepungua, na yale mashimo niliyoyapenda yamezibwa. Secrets ya 1976 ni laini zaidi, ya jioni, ya upepo. Doin' It inachezeka vizuri, nami niliicheza. Sunlight ya 1978 ina Hancock akiimba kupitia mashine inayogeuza sauti ya mtu kuwa kinanda, na kuna utamu ndani yake nisioutegemea. Future Shock ya 1983, yenye Rockit na ile santuri inayokwaruzwa na GrandMixer D.ST, ilifungua dunia nyingine kabisa, na ninaiheshimu kwa hilo. Jasho la mwili ninalolitafuta limo kidogo tu, maana kazi nyingi imefanywa na mashine.

Niliiweka Flood mwisho, nikifikiri ni ya nyongeza. Ilirekodiwa Tokyo katikati ya mwaka 1975, jukwaani, na kwa muda mrefu ilipatikana Japani tu. Bendi ni ile ya Thrust, ameongezwa mpiga gitaa Blackbyrd McKnight. Inaanza na Hancock peke yake kwenye piano ya kawaida, ya mbao na nyuzi, akipiga Maiden Voyage, utunzi wake wa 1965. Ukumbi kimya. Anaizungusha ile melodi ya bahari, anaipanua, anaiacha ielee. Nilikaa chini, nikajua sasa tunapumzika.

Halafu, kwenye piano ileile, bila sintesaiza, bila waya wowote, Clark anaingia, Jackson anaingia, na ni Actual Proof. Kwa piano! Inakwenda kasi kuliko studio, vidole vinadunda juu ya mbao tupu, na Maupin juu yake kwa filimbi. Nilikuwa nimeshaamini kwamba fanki ya mtu huyu iko kwenye Clavinet na ARP, na kwenye mitambo yote aliyoipenda tangu utoto. Hiyo hapo, kwenye chombo alichopigia Mozart. Nilisimama. Nikavua hedifoni, nikafunga mlango wa vyumbani, nikaichomeka spika kubwa, nikaanza upya, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza kuvumilia, ambayo haikuwa ya chini sana. Baada ya dakika chache mlango ukafunguka. Mke wangu alisimama pale amejifunga khanga, macho ya usingizi, akasikiliza kidogo, na kabla hajaniuliza chochote bega lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuanza.